Maziwa ya unga badala ya freshi: mkate unakubali, kastadi inagoma. Kwa nini?

#1 MwikoMrefu
Wakuu salama. Niende kwenye hoja.

Maziwa freshi yakikosekana naingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Napima kama kopo linavyoelekeza, nakoroga, napikia. Cha ajabu, mkate wa hamira unatoka mzuri kuliko ninaopika kwa freshi: unapanda, ganda linashika rangi, kesho yake bado laini. Keki sina malalamiko. Kasheshe iko kwenye sosi nyeupe na kastadi ya mayai. Sosi inakuwa na chengachenga ulimini, kastadi inalegea, na zote mbili zina ile ladha ya maziwa yaliyorudiwa kuchemshwa.

Kuna mtu kaniambia maziwa ya unga ni maziwa yaliyotolewa maji basi, ukirudisha maji umerudisha maziwa. Kama ndivyo, mbona kopo moja linapendelea mkate na kuikomoa kastadi? Karibuni wa jikoni na wa maabara.

#2 PembeniYaMeza
Nimeshavuta kiti. Waje wenye fani.

#3 Bi Sufuria
MwikoMrefu, kabla hatujakuandikia dawa, kopo lenyewe ni lipi? Sitaki jina la kampuni. Ni yenye mafuta kamili, ni yaliyotolewa mafuta, au ni lile lenye picha ya kikombe cha kahawa? Hivyo ni vitu vitatu tofauti na watu wanaviita vyote maziwa ya unga. Na unapima kwa kijiko au kwa mizani?

#4 MwikoMrefu
Yenye mafuta kamili, dada. Vijiko vinne vya kulia, vilivyosawazishwa, si vya kilima, kwa glasi ya mililita 250. Mizani ninayo ila nimeizoesha unga wa ngano tu.

#5 HesabuZaJikoni
Tatizo ni kijiko, uzi ufungwe.

Maziwa ya ng'ombe ni maji takriban asilimia 87. Kinachobaki, asilimia 12 hadi 13, ndicho unachonunua kwenye kopo: mafuta kama asilimia 3.5, protini 3 na kitu, laktosi karibu 5, madini hayafiki 1. Glasi ya mililita 250 ina uzito wa gramu 258 hivi, kwa hiyo ndani mna gramu 32 za vitu vikavu. Hizo ndizo unatakiwa uzirudishe. Sasa kijiko cha kulia cha unga wa kuyeyuka haraka kinabeba gramu 4, ukikibembeleza 5. Vinne ni gramu 18 kama si pungufu. Umepika kastadi kwa maziwa yaliyochakachuliwa karibu nusu.

#6 Bi Sufuria
Hesabu, taratibu. Hizo gramu 4 ni za unga usio na mafuta wa kuyeyuka haraka, ule wa chembe kubwa zenye hewa ndani. Kikombe kizima cha huo ni gramu 68 hivi, wakati kikombe hichohicho cha unga wa kawaida usio na mafuta ni kama 120. Huyu kasema mafuta kamili. Kijiko cha huo kinakaribia gramu 8. Vinne ni 32, kapatia barabara. Tafuta mchawi mwingine.

#7 HesabuZaJikoni
Wenye mafuta kamili nao upo wa kuyeyuka haraka, na ni mwepesi kuliko unavyodhani. Bila mizani hakuna anayejua, wewe wala mimi. Apime.

#8 Kapuku wa Oveni
Mnabishania gramu mnasahau maji. Kuna anayetia gramu 130 ndani ya lita moja ya maji, na kuna anayetia gramu 130 halafu anaongeza maji mpaka jumla ifike lita moja. Si mapishi mamoja hayo. Wa kwanza anaishia na karibu lita 1.1 ya maziwa mepesi, vitu vikavu asilimia 11 na ushee. Wa pili ametumia maji kama mililita 900 tu na yuko palepale maziwa ya ng'ombe yalipo. Kwenye chai hutaona tofauti. Kwenye kastadi utaiona.

MwikoMrefu, glasi yako unaijaza maji kwanza?

#9 MwikoMrefu
Maji kwanza, glasi nzima, ndipo vijiko.

#10 Kapuku wa Oveni
Mchawi kapatikana.

#11 MzeeWaKiwanda
Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kukausha maziwa, nichangie upande wa mkate maana wote mmeikimbilia kastadi.

Aliyesema "ni maziwa yaliyotolewa maji basi" karuka hatua. Maziwa hayaendi kukaushwa yakiwa mabichi. Yanapashwa moto kwanza, yanapunguzwa maji kwenye mitambo yenye kanieneo ndogo ili yachemke bila kuungua, ndipo yanarushwa kwa matone madogo sana ndani ya mnara wenye hewa ya moto. Ile hatua ya kupasha ndiyo inaamua unga utafaa kazi gani. Kwa unga usio na mafuta tulikuwa na madaraja matatu: joto la chini, la kati na la juu. Kipimo ni kiasi cha protini za maji ya jibini (yale maji yanayobaki ukishagandisha maziwa) ambazo hazijaharibiwa na moto. Miligramu 6 za naitrojeni ya protini hizo au zaidi kwa gramu ya unga, daraja la chini. 1.5 au pungufu, daraja la juu.

Waoka mikate wanataka la juu. Protini hizo zikiwa bado nzima zinalegeza kinyunya na mkate haufiki urefu wake. Ndiyo maana mapishi ya zamani yanakwambia upashe maziwa mpaka pembeni mwa sufuria yaanze vipovu, nyuzi 82 hivi, uyaache yapoe, ndipo ukandie. Freshi ya pakiti imepashwa pia, lakini nyuzi 72 kwa sekunde 15 haziwezi kazi hiyo. Unga wa mafuta kamili hauna madaraja yale kwa urasmi huo, ila nao hupashwa moto mkali ili mafuta yasichache mapema. Kopo lako limeshafanyiwa kazi ambayo freshi yako haijafanyiwa.

#12 Hamira Kavu
Mzee heshima yako, lakini kuna jibu jepesi zaidi. Freshi inatoka kwenye friji, nyuzi 4. Unga unakorogwa kwa maji ya vuguvugu. Hamira ikipata vuguvugu inachangamka, ikipata baridi inajikunyata. Hapo hata protini hatujazigusa. MwikoMrefu, freshi ulikuwa unaipasha?

#13 MwikoMrefu
Naipasha kidogo, kwa macho.

#14 Hamira Kavu
"Kwa macho." Sina la kuongeza.

#15 MzeeWaKiwanda
Ubaridi unachelewesha tu kijana. Ukiwa na subira kinyunya kitapanda hichohicho. Yeye anazungumzia mkate ulioiva, tena wa kesho yake.

#16 Hamira Kavu
Nani ana subira? Watu wanaangalia saa, kitabu kimesema saa moja, wanaingiza kwenye oveni. Mkate uliochelewa unaingia mfupi.

#17 UngaMweupe
Niongezee la rangi. Hamira ya kuokea haiwezi kula laktosi. Sukari uliyoweka inaliwa, laktosi inabaki mpaka ndani ya oveni, inakutana na protini, ganda linakuwa la kahawia (mmenyuko wa Maillard, kwa wanaopenda majina). Ila freshi nayo ina laktosi kiasi kilekile, kwa hiyo ukisema unga ndio umeleta rangi, labda ameweka mwingi kuliko anavyosema. Nahisi kwenye mkate kuna kijiko cha huruma kinaongezwa.

Mimi kwenye mkate sihangaiki kukoroga maziwa. Unga wa maziwa mkavu naumwaga kwenye unga wa ngano, nachanganya, nakandia maji matupu. Hakuna donge hata moja kwa sababu chembe zimeshatenganishwa.

#18 MwikoMrefu
Kijiko cha huruma kipo kweli 😂 lakini si kila siku.

#19 MamaWaWatatu
Mbona hamjamjibu chengachenga? Adui ni maji ya moto. Mimina unga kwenye maji yanayochemka uone: nje ya donge inalowa inakuwa gundi, ndani unabaki mkavu, na maji hayapiti tena. Tumia vuguvugu, nyuzi 40 mpaka 50. Na usitie maji yote kwa pamoja. Anza na maji kidogo ukoroge mpaka upate rojo laini, ndipo uongeze mengine kidogokidogo.

#20 FundiSosi
La vuguvugu nakubali, la rojo napinga. Rojo zito ndilo linalofungia vidonge halafu unavisambaza kwenye sufuria nzima. Fanya kinyume: maji yote kwenye bakuli, unga unanyunyiza juu huku unapiga kwa uma. Kuna kopo limetiwa lesithini ili mafuta yasikatae maji, hilo linaingia hata kwenye maji ya baridi. Lisilotiwa, unga unaelea juu unakutazama.

#21 MamaWaWatatu
Nimelea familia nzima kwa rojo langu na hakuna aliyetafuna kidonge.

#22 FundiSosi
Waliogopa kusema.

#23 Bi Sufuria
Nyote wawili mnazungumzia madonge. MwikoMrefu kasema chengachenga, si kitu kimoja. Donge unalichuja linabaki kwenye chujio. Chengachenga zinapita. Mara nyingi ni unga uliokorogwa ukapikwa papo hapo kabla haujanywa maji vizuri. Zile chembe zinashuka chini ya sufuria, zinashika, zinaungua kidogo, mwiko unazikwangua unazirudisha kwenye sosi. Koroga maziwa mapema, yaache nusu saa au zaidi, yakilala kwenye friji usiku kucha ndiyo bora. Sufuria iwe nzito na moto uwe mdogo.

Kwa sosi nyeupe kuna njia ya mkato: siagi ikiyeyuka tia unga wa ngano, ukaange kama kawaida, ondoa jikoni, changanya unga wa maziwa humo humo, kisha maji ya vuguvugu kidogokidogo. Siagi inazipaka chembe mafuta, hazishikani.

#24 Kapuku wa Oveni
Au kopo limezeeka. Hili hamjalisema. Laktosi iliyo kwenye unga haijajipanga kuwa fuwele, kwa hiyo inanyonya unyevu wa hewa kwa uchu. Ikishanyonya inajipanga, inatoa maji, chembe zinanatana, unapata mawe. Wakati huohuo protini na laktosi zinaendelea kuungana polepole humo kopo, unga unaanza umanjano, na protini zinapoteza uwezo wa kuyeyuka. Ukifika hapo piga kwa uma, piga kwa blenda, chengachenga utazinywa tu.

#25 MwikoMrefu
Kopo jipya, jeupe, halina hata donge. Tarehe iko mbali.

#26 PembeniYaMeza
Kwangu kopo halipati nafasi ya kuzeeka. Watoto wanalamba mchana, mimi nalamba usiku nikisema nakagua milango.

#27 HesabuZaJikoni
Ndiyo nyie mnaofanya mapishi ya wenzenu yakose gramu.

#28 UngaMweupe
Turudi kwenye kastadi kulegea, maana kuna jambo halisemwi. Yai haligandi kwa sababu ya moto peke yake. Protini zake zinahitaji madini yaliyoyeyuka ndiyo zishikamane. Piga yai ukaliweke kwenye maji matupu ulipike, hutapata kastadi, utapata vipande vya yai vinavyoogelea. Tia chumvi kidogo kwenye hayohayo maji, linashika. Maziwa yanaleta kalsiamu na wenzake. Kwa hiyo maziwa yakiwa mepesi hujapunguza ladha tu, umepunguza na kinachoshikisha yai. Hapa naungana na Kapuku wa #8.

#29 FundiSosi
Hesabu ya Kapuku inatoka asilimia 12 na kitu hadi 11 na ushee. Kwa upungufu huo kastadi haiwezi kulegea kiasi cha kufungua uzi. Nauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: kastadi hiyo ina wanga? Maana kama kuna unga wa mahindi ndani na viini vya mayai, basi kwenye kiini kuna kimeng'enya kinachokula wanga. Usipoifikisha kwenye mchemko ukaishikilia hapo dakika moja hivi, kimeng'enya kinabaki hai. Unaiacha nzito unaikuta maji. Maziwa ya unga yanasingiziwa.

#30 MwikoMrefu
Wanga upo. Na siichemshi, nimeonywa mayai yatakatika.

#31 FundiSosi
Yenye wanga haikatiki kirahisi, wanga unayalinda mayai. Isiyo na wanga ndiyo huwezi kuichemsha.

#32 MzeeWaKiwanda
Lakini na freshi anaipika hivyohivyo na haimlegei. Jibu lako linaeleza kastadi zote, halielezi tofauti.

#33 FundiSosi
Freshi labda anaitia jikoni ikiwa ya baridi, inakaa motoni muda mrefu zaidi. Sijui, mwenyewe aseme.

#34 Shangazi Kijiko
Jamani mimi natumia ile ya kahawa kwenye keki na haijawahi kuniangusha. Kuna ubaya gani?

#35 Bi Sufuria
Shangazi, hiyo ni krima, si maziwa. Soma nyuma ya kopo: utakuta sharubati ya glukosi, mafuta ya mimea, na protini ya maziwa kidogo kwa jina la kazeinati. Keki itaiva kwa sababu keki ina mayai na siagi ya kubeba uzito. Kastadi na mtindi haitakufaa.

Kuna kundi lingine katikati: unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta ukarudishiwa mafuta ya mimea. Bei inavutia, picha ya ng'ombe ipo, maandishi ya kweli yako kwa herufi ndogo. Viwango vya Codex Alimentarius (viwango vya kimataifa vya vyakula) vinataka unga wa maziwa wenye mafuta kamili uwe na mafuta ya maziwa kuanzia asilimia 26 na yasifike 42, maji yasizidi 5. Usio na mafuta, mafuta yasizidi 1.5. Ukiona "mafuta ya mawese" kwenye orodha, umeshatoka kwenye kundi hilo.

#36 Shangazi Kijiko
Ahsante mwanangu. Nimekwenda kusoma, herufi zenyewe zinahitaji miwani.

#37 Kapuku wa Oveni
Kwa wenye kopo lisilo na mafuta na wanataka kukaribia freshi: gramu 90 hivi za unga, siagi isiyo na chumvi gramu 40, jaza maji mpaka lita moja. Maji yawe ya vuguvugu siagi iyeyuke, pitisha kwenye blenda. Mafuta yatapanda juu ukiacha muda mrefu, kwa hiyo kwa kupikia tu, si ya kunywa.

#38 Nungunungu
Ila wazungu nao, kuvumbua maziwa ya unga kwa sababu ya vita vya dunia...

#39 UngaMweupe
Yapo kabla ya hapo. Samuel Percy alipata hataza ya kukausha vimiminika kwa kuvirusha ndani ya hewa ya moto mwaka 1872 huko Marekani. Na Marco Polo, karne ya 13, aliandika kuhusu askari wa Mongolia waliokuwa wanaengua mafuta ya maziwa, wanakausha yaliyobaki juani, wanatembea nayo. Asubuhi wanatia kwenye kiriba na maji, mwendo wa farasi unayakoroga.

#40 FundiSosi
Kwa rojo au kwa kunyunyiza?

#41 MamaWaWatatu
Kwa rojo. Wangenyunyiza wasingeshinda vita.

#42 Mzazi Mpya
Samahani nachomekea. Kama gramu 130 kwa lita ni sawa na freshi, naweza kumpa mtoto wa miezi minne?

#43 Bi Sufuria
Hapana kabisa. Chini ya mwaka mmoja maziwa ya kawaida ya ng'ombe, yawe freshi yawe ya unga, hayachukui nafasi ya maziwa ya mama wala ya yale maalumu ya watoto wachanga. Protini na madini ni mengi mno kwa figo zake, chuma ni kidogo. Hata hayo maalumu yakiwa ya unga si tasa, ndiyo maana mwongozo wa WHO na FAO wa 2007 unasema yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapozwe. Muulize mhudumu wa afya, usituulize sisi wa keki.

#44 HesabuZaJikoni
Na kwa watu wazima: unga mkavu unakaa kwa sababu hauna maji ya kutosha bakteria kuzaliana. Ukishaukoroga, ni maziwa. Friji, nyuzi 4, siku mbili basi. Kuna watu wanaacha jagi mezani mchana kutwa wakidai "ni ya kopo hayaharibiki".

#45 Nungunungu
Mtindi vipi? Nasikia haugandi.

#46 MzeeWaKiwanda
Mtindi unaganda vizuri tu, tena moto ambao unga ulipata kiwandani unausaidia kuwa mzito. Wengi wanaongeza unga gramu 30 hadi 50 hata kwenye lita ya freshi ili usitoe maji. Kinachogoma ni jibini la kugandishwa kwa renneti (kimeng'enya cha kugandishia maziwa). Protini za maji ya jibini zikipata moto mkali zinakwenda kukaa juu ya kazeini (protini kuu ya maziwa), renneti haipati pa kushika, unapata ute usiokatika. Kloridi ya kalsiamu inasaidia kiasi. Jibini la ndimu au siki halina shida hiyo.

#47 UngaMweupe
Kwa wanaolalamikia ladha ya kupikwa: msipambane nayo, ongezeni. Tandaza unga wa maziwa kwenye trei, oveni nyuzi 150, geuza kila dakika chache mpaka uwe wa kahawia hafifu. Unaingia kwenye biskuti, keki, hata aiskrimu, unatoa harufu ya siagi iliyokaangwa. Kazi hii freshi haiiwezi. Usiondoke jikoni tu, ukianza kuiva unakimbia.

#48 MwikoMrefu
Mrejesho wakuu. Nimepima kwa mizani, gramu 130, nikajaza mpaka lita moja, maji ya vuguvugu yaliyochemshwa yakapoa, nikayalaza kwenye friji. Sosi nimefuata njia ya mkato ya #23: chengachenga hazipo. Kastadi nimeifikisha kwenye mchemko kama FundiSosi alivyosema, imeshika, inakatika kwa kijiko. Ladha ya kupikwa imepungua lakini ipo. Na mkate nimeoka kwa freshi iliyopashwa mpaka vipovu ikaachwa ipoe: umepanda kuukaribia ule wa unga, kesho yake si laini kiasi kile.

#49 Kapuku wa Oveni
Jaza mpaka lita moja. Nilisema.

#50 FundiSosi
Kastadi imeshika kwa sababu imechemka. Lita yako haijafanya kitu.

#51 HesabuZaJikoni
Mizani, jamani. Mizani.

#52 MzeeWaKiwanda
Na freshi iliyopashwa imepanda. Nashukuru.

#53 Hamira Kavu
Imepanda kwa sababu safari hii haikuwa ya baridi! Ulaini wa kesho yake haujaeleza mzee.

#54 UngaMweupe
Ulaini ni kijiko cha huruma. Vitu vikavu vingi zaidi, mafuta zaidi, mkate unachelewa kukauka.

#55 Bi Sufuria
MwikoMrefu umebadilisha kila kitu kwa mpigo, sasa kila mtu anachukua kombe lake nyumbani. Kwenye ladha iliyobaki: hiyo inatokana na moto wa kiwandani, protini zinapopashwa zinatoa harufu ya salfa kidogo, na laktosi nayo inachangia yake. Kulaza kwenye friji kunaipunguza, haikuiondoa kwako na haitaiondoa kwangu. Vanila na chembe ya chumvi vinaifunika.

#56 MamaWaWatatu
Na maji je? Maji yenye klorini nyingi yanapatikana kwenye kastadi hata ukitia vanila chupa nzima. Yeye safari hii kachemsha maji. Hilo nalo hamkulihesabu.

#57 Bi Sufuria
La maji nakupa nusu.

#58 Mgeni wa Uzi
Nimesoma toka juu. Nina kopo kubwa la mafuta kamili limefunguliwa na sitalimaliza karibuni. Friza inafaa?

#59 Kapuku wa Oveni
Inafaa, mafuta yanachelewa kuchacha. Ligawe kwenye mifuko midogo inayofungwa, utoe hewa. Ukitoa mfuko usiufungue ukiwa wa baridi, uache urudi kwenye joto la chumba kwanza, la sivyo unyevu wa hewa unatua juu ya unga na kazi yote imeharibika. Lisilo na mafuta halihitaji friza, kabati kavu lenye giza linatosha.

#60 PembeniYaMeza
Na kijiko kikavu. Anayechovya kijiko kilichotoka kwenye chai atafutiwe kopo lake.